Mimi Ndiye Machozi

Jumamosi ya kumi na moja sasa
redio inasema ni namba moja,
na mtangazaji huvuta pumzi kwanza,
kama padri mbele ya jeneza,
ndipo hutamka jina langu.

Mimi ndiye Machozi.
Nauza jibini soko la Virunga,
meza ya tatu ukitoka kwa wauza makaa.
Naamka saa kumi, nakohoa, nadaiwa.
Niko hai.

Lakini katika wimbo nimekufa.
Nimekufa ubeti wa kwanza, mapema kabisa,
gita halijapata hata joto,
na kila motari kutoka Ndosho hadi Birere
ananizika kwa sauti aliyopewa na Mungu.

Kantri, wanaiita. Muziki wa watu wa kofia.
Bauma hakuitoa ugenini:
kofia ni ya babu yake, mchungaji wa Mushaki,
buti ni zile za mpira, za matope na maziwa,
na uzi wa tatu wa gita ni waya wa breki ya baiskeli,
ndiyo maana hulia
pale ambapo ungepaswa kuimba.

Juzi mama mmoja alichukua kilo nzima
bila kuomba nipunguze.
Akanishika mkono: Pole, dada,
umepewa jina la yule marehemu.
Nikapima, nikafunga kwa jani la mgomba,
nikasema asante.
Ningesema nini?

Usiku, nikimenya viazi, nikamuuliza mume wangu:
Wewe, uliniua kwa kosa gani?
Akatazama vidole vya miguu yake.
Nikauimba ule ubeti wa pili, taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji:

*Macho yako makubwa hayakujua ubaya,
pumzi yako ukungu wa alfajiri,
ulivyoshuka kilima polepole
ukanisubiri langoni.*

Bauma, mimi nina macho madogo.
Langoni sijawahi kumsubiri mtu.
Tena polepole? Mimi?

Akanyamaza, na katika kunyamaza kwake nikamwona:
Bihogo.
Ng'ombe mwekundu, wa mwisho kati ya kumi na wanne,
tuliyemwacha usiku ule wa risasi
mguu umevunjika, amelala ubavu kwenye majani mabichi,
akitutazama
kana kwamba tunakwenda mtoni tu
na tutarudi na ndoo.

Si ungeimba Bihogo, nikamwambia.

Mji ungecheka, akasema.
Mji huu umezika watoto, Machozi.
Nani angenipa ruhusa
ya kumlilia ng'ombe?

Viazi vikachemka, vikafurika, vikazima moto.
Hakuna aliyeinuka.

Sasa nikipita matanga ya watu, Majengo au Katindo,
nausikia ukitoka kwenye spika iliyopasuka.
Kuna baba mmoja, fundi viatu,
siku tisa hakutoa sauti wala hakula.
Wimbo ulipofika pale pa lango
akaita. Hakuita Machozi.
Aliita jina la mwanawe,
na watu wakaendelea kuimba langu kwa chini
ili lake lipate nafasi.

Nilisimama nje na beseni kichwani.
Sikuingia kumwambia ni ng'ombe.

Faida? Dola mia mbili,
godoro moja, madeni mawili yamepungua,
na watoto wa jirani wanaokimbia wakiniona jioni
kwa sababu maiti hainunui mafuta ya taa.
Kofia ya babu imepigwa picha mara nyingi
kuliko babu mwenyewe.

Bauma anasema wakimlipa iliyobaki
atanunua ndama, amfuge kwa shemeji kule Sake,
jike, mwekundu akipatikana.

Nimemwambia sawa.
Jina nitampa mimi.
Ila huyo, tafadhali,
asiimbwe.